Kikaratasi cha Tatu

Jana usiku binti yangu alikwama tena palepale. Yuko juzuu ya 22, sura ya Ahzab, na kila akifika aya ya 33 ulimi unamponyoka. Badala ya "ankumu" anasoma "ankunna". Ustadhi wake yuko kwenye simu, anagonga meza huko aliko, tok tok, "Rudi." Anarudi, anakosea vilevile. Mimi niko jikoni nachemsha maziwa ya chai, nasikia yote, na moyoni nacheka, kwa sababu kosa lile si la mvivu. Aya imekuwa ikisema na wake wa Mtume kwa dhamiri, yaani viwakilishi, za kike tupu: buyutikunna, aqimna, aatiina, atwi'na. Ulimi umeshauzoea ule mteremko. Halafu katikati ya aya ileile, bila hata kubisha hodi, inageuka: Mwenyezi Mungu anataka kuwaondoleeni uchafu, enyi watu wa nyumba, na kuwatakaseni sana sana. "Ankumu." "Yutwahhirakum." Dhamiri ya wanaume, au ya wanaume na wanawake waliochanganyika. Aya inayofuata inarudi kwa akina mama kana kwamba hakuna kilichotokea.

Simu ilipokatwa akaja akasimama mlangoni na msahafu kifuani.

"Baba, kwa nini hapo pamebadilika? Si bado anaongea na wao?"

Nikamwambia angoje, maziwa yanataka kufurika. Yalikuwa bado baridi.

Mnaonisoma siku nyingi mnamjua Mama, mnamjua na Bibi wa Kaloleni, Kisumu, mama yake Baba. Hili la leo ndilo sijawahi kuliandika.

Bibi alikuwa mtu wa Lamu kwa upande wa mama yake, na upande huo ndio pekee aliouhesabu. Nasaba yake aliipanda kwa vidole, jina baada ya jina, mpaka kwa Sayyidna Husein, na akifika juu alijifuta uso kwa viganja kama aliyemaliza dua. Mama alikuwa Mjaluo wa Alego. Alisilimu mwaka 1976 alipoolewa na Baba. Mwaka 1992, watoto wanne baadaye, wageni wakija bado aliitwa "huyu aliyesilimu", kwa sauti nzuri kabisa, kama mtu anayesifiwa. Mama akishaosha vyombo, Bibi alivipitia upya kwa kopo, kila sahani maji mara tatu, huku akinong'ona kwamba tohara ni nusu ya imani. Hadithi ni sahihi, ipo katika mkusanyiko wa Imam Muslim. Sahani ndizo zilizokuwa hazina haja nayo. Na msimfanye Bibi kuwa mbaya: Mama alipolazwa na malaria, yeye ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko siku tisa, na akafunga siku tatu za nadhiri alipopona. Kopo lakini halikupumzika.

Ramadhani ya mwaka huo iliangukia Machi. Kila alasiri mawingu yalijazana juu ya ziwa na Kisumu nzima ikawa kama chungu kilichofunikwa, mvua isinyeshe. Tulikuwa na sheikh mgeni kutoka Pwani, mzee mwembamba wa sauti ndogo, akidarsisha tafsiri baada ya sala ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Wanaume mbele, akina mama nyuma ya pazia la kijani. Wakiwa na maswali waliyaandika kwenye vikaratasi, na mbeba vikaratasi nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, sijabaleghe, nakubalika pande zote mbili za pazia. Kazi hiyo niliiona ya ubalozi.

Siku hiyo Sheikh alifika aya hiyohiyo iliyomshinda binti yangu jana.

Alianzia mbali. Akasoma kutoka Aali Imran kwamba Mwenyezi Mungu aliwateua Adam na Nuhu na ukoo wa Ibrahim na ukoo wa Imran juu ya walimwengu. Akatua. Akasema tusikimbilie kujivunia koo, maana Nuhu huyohuyo mteule alimlilia mwanawe katika gharika, akaambiwa yule si katika watu wako. Damu ilikuwepo, nyumba haikuwepo. Wazee wa safu ya mbele wakatikisa vichwa. Nadhani kila mmoja alikuwa akimfikiria jirani yake.

Ndipo akaingia Ahzab, na hapo akavua miwani. Akasema wafasiri hawakukubaliana watu wa nyumba ni akina nani. Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alikuwa akinadi sokoni kwamba aya imeshuka kwa wake wa Mtume peke yao. Mimi nikamwona Ikrima huyo waziwazi, yuko Kibuye siku ya Jumapili, kati ya wauza mitumba na wauza ndizi, akishindana na wenye vipaza sauti. Wengine wakasema la, ni wale watano wa nguoni: Mtume, Ali, Fatma, Hasan na Husein. Hilo halikuwa geni kwetu. Tajiri wa Baba, mwenye duka la vyuma, alikuwa Mhindi wa Kishia, na kila Muharram Baba alirudi na sufuria la biriani na habari za majlisi. Bibi alizipenda habari zile kuliko biriani yenyewe.

Tena, akasema Sheikh, msidhani habari ya nguo ni ya Mashia peke yao. Bi Aisha mwenyewe ndiye msimulizi wake katika Sahihi ya Muslim: kwamba Mtume alitoka asubuhi moja amejitanda nguo ya manyoya meusi yenye michoro, akaja Hasan akamwingiza, akaja Husein akaingia pamoja naye, akaja Fatma akamwingiza, akaja Ali akamwingiza, kisha akaisoma aya. Wapo Masunni wengi waliokusanya yote mawili: wake wamo kwa kuwa maneno yanawasemesha wao, na wa nguoni wamo kwa kuwa Mtume aliwaingiza kwa mkono wake. Yeye alielekea huko. Kuhusu ile dhamiri, alitupeleka kwa mke wa Ibrahim siku malaika walipombashiria mtoto uzeeni. Wanamuuliza kama anastaajabia amri ya Mwenyezi Mungu, kitenzi cha mwanamke mmoja, na pumzi hiyohiyo wanamwambia rehema na baraka ziwe juu yenu, watu wa nyumba hii. Alaykum. Bibi mmoja mlangoni kwake, na amesalimiwa kama nyumba nzima.

Halafu akafanya jambo ambalo sijaona sheikh mwingine akilifanya. Alivua kashida yake shingoni, akaikunjua, akatuita watoto wanne wa karibu. "Hasha, sijifananishi na mtu," akasema, "nataka tu muone nguo moja inaenea watu wangapi." Akatufunika. Kulikuwa na giza jekundu mle ndani, joto, na harufu ya udi iliyochanganyika na jasho la saumu. Mtoto wa kinyozi alikuwa ananicheka sikioni. Nje nilisikia watu wakicheka pia, kicheko cha raha, na mimi nikajisikia nimeteuliwa. Sina neno jingine. Kwa muda wa dakika labda mbili nilijua hasa Bibi anajisikiaje anapojifuta uso.

Sheikh aliendelea kusema juu ya vichwa vyetu. Nikamsikia akimtaja Ummu Salama, mmoja wa wake wa Mtume. Nguo ile, katika mapokezi mengine, ilitandwa nyumbani kwake yeye. Akaona wanaingizwa mmoja mmoja, akauliza: na mimi niko pamoja nao, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akaambiwa: wewe uko mahali pako, nawe uko kwenye kheri. Ndivyo ilivyo katika mkusanyiko wa Hadithi wa Tirmidhi. Sheikh hakukaa sana hapo. Akaiondoa kashida, tukatoka tukipepesa macho, akasema wenye maswali walete.

Nikaenda pazianikwetu, kama nilivyopaita. Mkono wa kwanza ukatokea chini ya pazia, wa pili, kisha wa tatu, wenye bangili nyembamba ya shaba na vidole vilivyochanika kwa sabuni. Karatasi yake ilikuwa ya miraba midogo. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari langu la hesabu.

Kutoka paziani hadi kwa Sheikh ni hatua ishirini hivi, za kupita kati ya magoti ya watu. Kwa desturi nilivisoma njiani, na hakuna aliyenikataza. Cha kwanza kiliuliza kama kuonja chumvi ya mchuzi kunafunguza. Cha pili kiliuliza nani anamtolea zaka ya fitri mtumishi wa ndani. Cha tatu nitakiandika kama kilivyokuwa, kwa kuwa hakijanitoka:

"Sehe, asalam alekum. Umu Salama alikuwa bibi ya Mtume na nguo ilikuwa kwake, alafu akaambiwa akae pahali pake. Je, sisi ambao hatukusaliwa katika nyumba, tumeingia tu na ndoa na sahada, maji gani itatosa kutusafisa?"

Mama alisoma mpaka darasa la nne. Akiongea polepole, z na sh zilimtoka bila shida. Kalamu ndiyo iliyomponza, ikaandika alivyosikia kwa sikio la Alego. Hatukusaliwa. Kwa anayesoma Kiswahili hiyo si kuzaliwa, hiyo ni kuswaliwa, ni sala ya maiti. Na maji "itatosa" ni maji ya kuzamisha mtu. Nilisimama kati ya magoti ya wazee wawili nikiwa nimeshayaona yote, na nimeshakisikia kicheko.

Nilikuwa na sababu ya kukisikia. Jumamosi iliyotangulia kilikuja kikaratasi kilichoandikwa "sakati" badala ya "zakati", na Sheikh, ambaye macho yalimsumbua, alikisoma herufi kwa herufi kama kilivyo. Hakuwa na nia mbaya. Lakini muuza kofia wa safu ya pili aliangua kicheko, vijana wa madrasa wakadakia, na jioni kwenye bomba la maji wakawa wanaitana "Sakati! Sakati!" Nilicheka nao. Sikujua ni mama wa nani.

Sasa mtoto wa kinyozi alikuwa palepale, kashida bado imemvuruga kofia. Muuza kofia alikuwa palepale. Na Bibi alikuwa nyuma ya pazia, pembeni ya Mama, naye angeujua mwandiko huo kwa kuusikia tu.

Panka la juu lilikuwa bovu. Lilizunguka likilia nyii, nyii, kila mzunguko. Nakumbuka nilihesabu nyii tano. Mkono wangu wa kulia ulitangulia ukampa Sheikh vikaratasi viwili. Wa kushoto ukashuka wenyewe kwenye mfuko wa kanzu, ukakaa huko, umefumba. Miraba ile nilikuwa naisikia kwa ngozi, ingawa najua karatasi haina mabonde.

Akajibu la chumvi. Akajibu la mtumishi. Nilibaki nimesimama kando yake. Kisha akaniangalia kwa yale macho yasiyoona vizuri.

"Yamekwisha, mjukuu wangu?"

"Yamekwisha, Sheikh."

Hakuridhika. Akapaza sauti kuelekea nyuma: "Akina mama, maswali yamekwisha?"

Pazia lilitulia. Upepo wa panka haukufika kule. Tukangoja, msikiti mzima, muda ambao kwa wengine ulikuwa wa kumeza mate na kwangu mpaka leo haujaisha. Mtu mmoja akakohoa. Kikohozi cha kusafisha koo, cha mtu anayejiandaa kusema. Nilikijua. Nilikuwa nakisikia kila asubuhi kabla ya kuamshwa.

Hakikufuatwa na neno. Sheikh akafunga msahafu.

Tulirudi nyumbani kabla ya adhana, Mama na mimi, Bibi ametangulia na wenzake. Njia ilinuka omena zinazokaangwa, harufu ya kumvunja mtu saumu kwa pua. Mama alibeba kikapu. Baada ya kitambo akasema, kama anayezungumza na njia:

"Leo Sheikh alikuwa na maswali mengi."

"Mawili tu," nikasema.

Nilipoyatoa ndipo nikayasikia. Mama hakusimama, hakugeuka. Alihamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Haya, nyathina," akasema, yaani mwanangu. "Nishikie hiki kidogo."

Mengine yalikwenda haraka. Jumamosi kanzu ilifuliwa, ikatiwa buluu, ikaanikwa ikang'aa. Nilisahau kukitoa kikaratasi, au nilijisahaulisha. Nilipoivaa Jumatatu nilitia mkono mfukoni. Mnaofua mnajua, karatasi ikifuliwa ndani ya nguo huacha vitonge na nyuzi nyeupe kwenye mishono, zinakaa wiki nzima. Hapakuwa na hata unyuzi mmoja. Mfuko ulikuwa mweupe, umenyooshwa, unanuka sabuni.

Hakuniambia kitu. Sikumuuliza. Kikaratasi sijakiona tena.

Bibi alifariki mwaka 1999. Alikuwa ameacha neno kwamba mmoja wa watakaomkosha awe Mama, na sababu hakuieleza. Mama akamkosha, maji mara tatu, akatoka chumbani mikono imekunjamana, akaenda moja kwa moja kuosha vyombo vya wageni. Mama naye aliondoka mwaka 2011, akaswaliwa katika msikiti uleule, pazia limekuwa la buluu. Nilikuwa safu ya mbele. Neno likanijia kwa tahajia yake.

Baadaye sana, nikitafuta jambo jingine, nilikutana na mapokezi mengine ya Ummu Salama, yamo katika Musnad ya Ahmad. Humo anauliza: je, mimi si katika watu wako? Naye anajibiwa: kwa nini usiwe, ingia nguoni. Akaingia, baada ya Mtume kumaliza kuwaombea wale wengine. Nililisoma saa saba za usiku nikainuka nikazungukazunguka sebuleni. Najua wanavyuoni wana maneno juu ya mpokezi wake, Shahr bin Hawshab, na sipendi kuchagua sanadi, ule mlolongo wa wapokezi, kwa sababu ya machozi. Ile habari ya Salman Mfursi, sahaba aliyetoka Uajemi, kwamba "Salman ni wetu sisi, watu wa nyumba", nayo sanadi yake imetiwa dosari, na mtu angeipenda kwa sababu zilezile. Iliyo wazi zaidi ni aya ya udhu katika Maida, ambako waumini wote, wenye maji na wanaopangusa vumbi, wanaambiwa Mwenyezi Mungu anataka kuwatakasa. Yuriidu liyutwahhirakum. Kitenzi kilekile na dhamiri ileile. Wapo wanaosema kutaka kwa huku si kutaka kwa kule, kwamba kwa watu wa nguoni jambo limeshapita na kwa sisi ni wito tu, na wana hoja zao. Mimi huwa najiuliza jambo dogo kuliko hilo: kama Sheikh angepewa vikaratasi vitatu, angeipeleka Ahzab Maida? Angemtoa Ummu Salama wa Tirmidhi au wa Ahmad? Au angesoma tu "kusaliwa" kwa sauti, na watu wakacheka?

Basi jana, hapa Nakuru, nilimweleza binti yangu. Nilimpa Ikrima na soko lake, nikampa Bi Aisha na nguo nyeusi, nikampa mke wa Ibrahim mlangoni, na hilo la mwisho ndilo lililomkaa. Alisema sasa hatakosea tena, atakumbuka ni nyumba nzima inaitwa. Nilimpa na Ummu Salama, mapokezi yote mawili. La kikaratasi sikumpa.

Akafikiri, kidole kikiwa ndani ya msahafu kushika ukurasa.

"Sasa mwishowe aliingia au hakuingia?"

"Inategemea unayapokea kwa nani."

"Wewe unaonaje?"

Nikafungua mdomo nimjibu, na safari hii maziwa yakafurika kweli.